Zoezi la Jumatano

Kijani aliingia darasani Jumatatu asubuhi akiwa amejipulizia manukato, kalamu mbili mfukoni na ripoti zake za miezi kumi na minne ndani ya bahasha, akamkuta mama mkwe wake anafuta ubao.

Nusura arudi kinyumenyume. Kwamba mama wa mke wake anafundisha mambo ya kompyuta, hilo alilijua. Katika miaka minne ya ndoa alishasikia mara chungu nzima kuwa wapo mafundi wenye mvi wanaomkimbia barabarani. Lakini barua aliyopewa kazini ilisema tu mafunzo ya siku tano ya kuhifadhi data, kutunza nakala za akiba na kuhakikisha taarifa zinapatikana wakati wote. Haikutaja mkufunzi, naye hakuuliza, maana hakuona kama kuna jipya la kufundishwa. Sasa amesimama mlangoni, na yule ambaye mbele yake, kule nyumbani, Kijani huwa anakaa ukingoni mwa kiti, akijibu "ndiyo mama" na "hapana mama", anamtazama kwa juu ya miwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hapa niite Mwalimu kama wenzako. Kaa mbele."

"Nyuma pananitosha, ma... Mwalimu."

"Mbele, baba. Nyuma kuna feni inapiga kelele."

Feni yenyewe ilikuwa mbele, juu kabisa ya kiti alichoonyeshwa, na ilipiga kelele siku zote tano.

Hilo jina la Kijani alipewa kazini, kwenye kituo cha damu alikokuwa msimamizi wa mitambo ya kompyuta. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alikuwa akimtumia mkurugenzi orodha ya nakala zilizochukuliwa usiku, na mbele ya kila mstari kuna alama ya kijani kuonyesha kazi imekamilika. Miezi kumi na minne bila alama nyekundu hata moja! Mkurugenzi aliipenda rangi ile kama mgonjwa anavyopenda kuambiwa kesho anaruhusiwa. Na Kijani naye, tuseme ukweli, kichwa kilishaanza kumvimba.

Kilichokuwa kinatunzwa ni rejesta ya wachangiaji damu. Majina, makundi ya damu, namba za simu, tarehe ambayo kila mmoja alichangia mara ya mwisho, vyote vya miaka tisa. Mwenye kundi la kawaida hana wasiwasi, friji imejaa. Lakini yako makundi ambayo kituo kizima kina watu wanne tu wa kuwapigia, na mgonjwa wa kundi hilo akiletwa, uhai wake umo ndani ya namba ya simu ya mtu asiyemjua. Kadi za karatasi zilishateketezwa zamani na chumba chake kikageuzwa ofisi ya mkurugenzi. Rejesta ilikuwa ndani ya seva, kompyuta kuu ya kituo, na ndani ya nakala za Kijani, basi.

Wiki ile ile seva mpya ilikuwa imefika. Kijani alipanga mambo yake vizuri, au ndivyo alivyojisifu. Jumatano alfajiri nakala ya mwisho ichukuliwe. Saa sita mchana seva ya zamani izimwe na diski zake mbili zifutwe, kwa sababu alasiri wenye gari la kubebea mitambo ya zamani wanakuja kuichukua, na taarifa za wachangiaji haziruhusiwi kutoka nje ya jengo zikiwa wazi. Alhamisi, akitoka darasani, ataziweka taarifa kwenye seva mpya kutoka kwenye nakala. Kazi ya kufuta alimwachia Mzee Waya, fundi umeme wa kituo aliyebakiza miezi michache kustaafu, mtu wa kufuata maelezo neno kwa neno. Alimwandikia karatasi, akaibandika ukutani.

Mwenye subira angeirudisha kwanza nakala kwenye seva mpya, aone imekubali, ndipo afute ya zamani. Lakini mwenye kijani cha miezi kumi na minne anasubiri nini?

Sasa tumrudie mama mkwe. Wanafunzi wa zamani walimbatiza Mama Rudisha, na haikuchukua nusu saa watu wakaelewa kwa nini. Aliwaendea mmoja mmoja, wanane kwa jumla, akauliza kazini kwake wanatunza nini. Mtu akijibu "tuna bakapu", yaani nakala za akiba, yeye anauliza swali moja tu.

"Umeirudisha lini?"

"Tunachukua kila usiku, Mwalimu."

"Sikuuliza umeichukua lini. Umeirudisha lini?"

Mama mmoja mnene, mtunza kumbukumbu wa mahakama, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha swali lilipomfikia yeye kicheko kikakatika kama kimepigwa kisu. Kijani alitoa bahasha yake ya ripoti. Mama Rudisha alizipitia zote, karatasi baada ya karatasi, bila haraka, akazirudisha ndani na kumkabidhi.

"Nzuri. Hizi zinaonyesha umeweka. Ulichoweka ni nini, hazisemi."

Kijani alinuna kimoyomoyo. Mkwe hanuniwi usoni.

Lakini hata aliyenuna ana masikio, na kufikia Jumanne jioni Kijani alikuwa ameshaanza kukubali, japo hakupenda kukubali, kwamba yule mama anaijua kazi yake. Hakuwa na picha za ukutani wala maneno makubwa. Alikuwa na kikapu. Ndani yake mna diski iliyoungua, diski iliyolowa mafuriko, diski nzima kabisa ambayo fundi mmoja aliivunja kwa kuiangusha kutoka mezani. Kila moja aliijua ilikotoka na nani alilia siku hiyo. Alichora nyumba tatu ubaoni akasema nakala moja ikae chumba kimoja na seva, ya pili ikae jengo jingine, na ya tatu isiunganishwe na kitu chochote, hata waya, ili akija mharibifu kupitia mtandao aikose. Mtu asipoelewa hakurudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Aligeuza mfano, akauleta kwenye kazi ya mtu yule, mpaka uso unafunguka. Kijani hakuwahi kumwona hivi. Nyumbani alikuwa mama wa kukaa kimya na kusokota nywele za wajukuu.

Jumatano saa tano na robo akapitisha kikapu kingine, kitupu.

"Simu zenu humu ndani, zote. Na ya pili uliyoificha kwenye soksi," akamwambia mtunza kumbukumbu wa mahakama, "nayo pia."

Mbele ya kila mmoja palikuwa na kompyuta isiyo na kitu. Kila mmoja alikuwa ameagizwa tangu mwanzo aje na diski yenye nakala ya kazini kwake.

"Ofisi yako haipo tena," Mama Rudisha alisema. "Jengo halipo. Seva haipo, na hakuna mwenzako wa kumpigia. Upo wewe na hiyo diski. Nirudishieni."

Kijani alikunja mikono ya shati. Aliona hapa ndipo atakapomwonyesha mkwe wake kuwa binti yake hakuolewa na mtu wa mchezo. Vidole vikatembea, wenzake wakiwa bado wanatafuta pa kuchomeka waya yeye alishafika mbali. Nakala ikaonekana, nzima, ukubwa ule ule unaotakiwa. Akaiamuru ifunguke. Ikamwomba ufunguo.

Ni yeye mwenyewe aliyeifunga, miezi kumi na minne iliyopita, kwa sababu taarifa za watu haziachwi wazi. Ufunguo ulikuwa mstari wa herufi na tarakimu thelathini na mbili ambao hakuna binadamu wa kuukariri. Hakuna haja ya kuukariri, alijiambia siku ile; seva inao, kila usiku inautumia yenyewe. Aliuhifadhi mahali salama kuliko pote, kwenye faili ndani ya seva. Na seva nzima, pamoja na faili lile, ndiyo aliyokuwa akiitia ndani ya nakala na kuifunga kwa ufunguo huo huo.

Alikuwa amefunga sanduku, na funguo ziko humo humo ndani.

Kwanza alitabasamu, tabasamu la mjinga aliyekanyaga maji. Zoezi tu hili, atafeli, watamcheka, jioni atachukua ufunguo kazini na kuuandika. Ndipo macho yake yakapanda kwenye saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Akaikumbuka karatasi aliyoibandika kwa mkono wake.

Saa sita kamili Mzee Waya atazima ile seva na kufuta diski zake, na ufunguo utakwenda nazo. Baada ya hapo nakala zote za miezi kumi na minne, kijani tupu, zitabaki kuwa mabati tu. Miaka tisa ya wachangiaji, na wale wanne wa kundi adimu, hapatakuwa na mtu duniani anayejua namba zao.

Ungedhani aliruka juu. Hakuruka. Hapa ndipo mwenye kusimulia angependa kumtetea, lakini hana la kumtetea. Alikaa. Alikaa kwa sababu mbele yake, hatua tatu, amesimama mama wa mke wake. Akisema, atasikia mke, atasikia baba mkwe, shemeji zake watatu watakuwa na kichekesho cha kila harusi na kila msiba mpaka atakapozikwa. Akaanza kubahatisha. Akajaribu jina la kituo na mwaka. Akajaribu tarehe ya ndoa yake, akaikosea, akajaribu tena. Alijua fika kwamba herufi thelathini na mbili hazibahatishwi, na bado akaendelea, anabonyeza huku anaitazama saa, anaitazama saa huku anabonyeza. Aliwaza kuomba ruhusa ya kwenda msalani akatafute simu ya kuazima. Alifikiri kujifanya anaumwa tumbo. Kufa na tai shingoni, ndiko huko.

Kilichomwinua si ushujaa. Alimkumbuka Sista, muuguzi wa kituo anayewapigia wachangiaji simu, jinsi anavyowapigia huku amesimama, kalamu sikioni, akisema "mama, pole kwa usumbufu, tuna mtoto hapa." Akamwona amesimama vile vile, na hana namba ya kupiga.

"Mwalimu," alisema, akainuka. "Hili langu si zoezi."

Akalieleza lote akiwa amesimama, mbele ya watu saba na mkwe wake: ufunguo uko wapi, diski zinafutwa saa ngapi, karatasi aliiandika nani. Hakuacha kitu. Alitamani sakafu ipasuke immeze, haikupasuka.

Mama Rudisha hakuuliza kwa nini. Alishachukua simu yake mwenyewe na kumtilia mkononi.

"Mpigie."

Mzee Waya hakupokea. Mzee Waya, akiwa kazini, huwa hapokei simu. Ni mwiko aliojiwekea tangu siku alipopigwa na umeme akiongea na shemeji yake. Kijani akapiga tena. Ikaita mpaka ikachoka.

"Usimtafute mtu," Mama Rudisha akasema. "Tafuta swichi. Chumba cha seva kina swichi yake?"

"Kipo... ipo koridoni. Nyekundu."

"Nani yuko karibu nayo?"

"Mlinzi wa mapokezi."

"Mpigie mlinzi. Friji za damu zinatumia swichi hiyo?"

"Hapana. Zina laini yake."

"Una uhakika?"

"Hilo nina uhakika, mama." Hakuna aliyegundua kwamba hakusema Mwalimu, hata yeye.

Mlinzi alipokea mara ya kwanza. Mama Rudisha akaichukua simu. "Baba, uko koridoni? Unaiona swichi nyekundu? Izime. Sasa hivi, nasubiri." Wote walisikia kitu kikilia *tak*, mbali. "Ahsante sana. Sasa simama mbele yake. Asiiguse mtu, hata akija mkurugenzi. Nakuja." Akakata, akachukua mkoba, akawageukia waliobaki. "Ninyi andikeni kwenye karatasi ufunguo wa kila mmoja wenu uko wapi. Nikirudi nisome." Mtunza kumbukumbu wa mahakama alikuwa ameshaacha kucheka kitambo.

Gari la Mama Rudisha lilikuwa dogo na safi. Kijani alikaa mbele, magoti yamegusa kifua, kwa mara ya kwanza maishani bega kwa bega na mama mkwe. Mama aliendesha bila kukimbia.

"Karatasi uliandikaje hasa? Diski moja baada ya nyingine, au zote pamoja?"

Kijani alifikiri. "Sikumbuki, mama."

"Kwa hiyo hata maelezo yenyewe hukuyatunzia nakala," alisema, na Kijani angeapa aliona ukingo wa mdomo wake ukicheza.

Walimkuta mlinzi amesimama mbele ya swichi kama askari wa lango la ikulu, na mbele yake Mzee Waya, tochi mkononi, amefura kwa hasira. "Nimepewa kazi ya saa sita kamili na mimi nimeianza saa sita kamili!" alifoka. "Dakika mbili, giza! Nani kanizimia?"

"Diski, mzee wangu," Kijani alisema. "Diski ziko wapi?"

Kwenye karatasi palikuwa pameandikwa *futa zote mbili*, na kifaa cha kufutia kilikuwa na nafasi mbili. Angekuwa mtu mwingine angezichomeka kwa pamoja. Lakini Mzee Waya alikuwa ameweka ya kwanza, akavaa miwani, akarudi ukutani kusoma karatasi upya ndipo aishike ya pili, na giza likamkuta ukutani. Ya kwanza ilikuwa imeliwa mwanzo wake. Ya pili ilikuwa juu ya meza, ndani ya kitambaa cha kufutia vumbi, haijaguswa. Zilikuwa diski pacha, kila kilichomo kwenye moja kimo kwenye nyingine. Kijani aliishika kwa mikono miwili, akakaa sakafuni, suruali ya kazi na yote.

"Inuka," Mama Rudisha alisema. "Hujarudisha kitu bado."

Kuanzia hapo aliweka mikono nyuma ya mgongo na hakuitoa. Mara mbili Kijani alikwama, mara mbili akageuka kumtazama, na mara zote mbili akaulizwa, "Wewe unaonaje?" Ufunguo ukapatikana. Akamwambia auandike kwa mkono kwenye karatasi mbili, halafu auchape kutoka kwenye kila karatasi kuona kama unakubali, maana kuna watu walioandika sifuri wakasoma herufi. Karatasi moja ikaingia kwenye kasha la chuma la mkurugenzi. Nyingine ikafungwa kwenye bahasha iende tawi la upande wa pili wa mji. Ile diski iliyopona akaamuru ifungiwe kabatini.

"Sasa haipo," akasema. "Irudishe rejesta kutoka kwenye nakala, kama tulivyoanza."

"Lakini mama, si diski ipo hapo kabatini?"

"Ipo leo."

Kazi hiyo iliisha Alhamisi alasiri. Seva mpya ilipoandika kwamba imekamilisha, Kijani alishusha pumzi na kugeuka, akitegemea walau kichwa kitikiswe. Mama mkwe wake alikuwa anamtazama Sista.

"Sista, jaribu kitu ulichokiingiza juzi. Kigumu."

Sista hakuhitaji kufikiri. Juzi jioni fundi cherehani mmoja, mwanamke, mmoja wa wale wanne, alikuwa amepita kituoni kubadilisha namba yake baada ya kuhama. Akaandika jina, ukurasa ukafunguka. Akasimama, kalamu sikioni, akapiga. Simu iliita muda mrefu. Kijani alihesabu miito sita. Kisha pakasikika mngurumo wa cherehani, mngurumo ukakatika, na sauti ya mwanamke ikasema haloo.

"Mama, pole kwa usumbufu," Sista alisema. "Hapana, hakuna mgonjwa. Nilikuwa nahakikisha tu kwamba nakupata."

"Hapo ndipo imerudi," Mama Rudisha akamwambia Kijani, akaenda zake kunawa mikono.

Kijani alibaki anautazama ule mlango aliopitia. Ameishi na binti wa yule mama miaka minne, amekula kwake, ametaniwa na wanawe, na hakuwahi kujua ni mtu wa namna gani. Alijisikia fahari, halafu akaona haya kwa kujisikia fahari juu ya mtu ambaye wala si mali yake. Lakini fahari haikuondoka.

Ijumaa vyeti vikatolewa. Saba. Mtunza kumbukumbu wa mahakama alicheza kidogo alipopokea chake. Jina la Kijani halikuitwa, na hakushangaa. Angeshangaa sana kama lingeitwa. Watu walipoondoka alibaki kumsaidia kukunja nyaya. Mama Rudisha akamsogezea karatasi mezani. Ilikuwa ripoti ya kwenda kwa mkurugenzi wa kituo.

"Soma kabla sijaituma. Kama kuna uongo, sema."

Ilikuwa fupi. *Hakufaulu zoezi la Jumatano. Kosa lake ni kubwa na ni la kizembe. Alikaa nalo dakika ishirini na mbili, kisha akalisema lote mbele ya wenzake na mbele ya mkwewe. Taarifa zimerudi. Ninashauri aachiwe kazi yake, na arudie mafunzo.*

Kijani alisoma mara mbili. "Ulikuwa unahesabu, mama."

"Nilikuona. Mtu aliyesahau kitu hukuna kichwa. Wewe ulikuwa unatazama saa. Sikujua una nini, ningejua ningekutoa nje kwa sikio."

"Ungeniuliza tu, ningesema."

"Na siku ambayo mimi sipo, nani angekuuliza?"

Kijani akainamia ile karatasi. "Dakika ishirini na mbili ni nyingi, mama. Naona aibu."

"Ni nyingi," alikubali. Aliendelea kukunja waya, kiwiko kwa kiganja, kiwiko kwa kiganja. "Mimi nilikaa siku tatu."

Kijani akainua macho.

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Hospitali, rejesta ya watoto waliozaliwa, mwaka mzima. Nilisikia diski inagonga. Nilijua inakaribia kufa. Lakini nilishamwambia mkubwa wangu kwamba bakapu ipo, na haikuwepo, basi nikanyamaza, nikisema kesho nitarekebisha bila mtu kujua. Siku ya nne ikafa. Watoto elfu mbili na mia tatu, siku waliyozaliwa, uzito wao, nani alizaliwa hajalia. Vyote."

"Ikawaje?"

"Nikasema. Baada ya kufa, ndipo nikasema."

"Wakakufukuza?"

"Nilitamani wanifukuze, ingekuwa rahisi." Waya ukaisha, akaufunga fundo na kuutia kikapuni. "Niliomba orodha ya mitaa. Nikachukua daftari, nikaenda nyumba kwa nyumba, nabisha hodi, namwambia kila mama mimi ndiye niliyempoteza mwanao kwenye karatasi, naomba uniambie alizaliwa lini. Miezi minane. Wengine walinifukuza, wengine walinipa maji ya kunywa. Niliwapata elfu mbili na sitini."

Kijani alipiga hesabu kimya kimya ya wale ambao hakuwapata, na akajua kutokana na uso wa mama yule kwamba yeye hahitaji kuipiga, anaijua.

Kijani alichukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya neno *hakufaulu*, akaandika na tarehe.